Sentensi ya Mama Mapacha

Kuna wanaume wanaotoka nyumbani wakaenda kulewa, na kuna wanaokwenda kwa wanawake wengine, na mke akijua alipo mumewe angalau anajua amlaani vipi. Mama Mapacha alikuwa na mume aliyekuwa anakwenda kwa mwokaji mikate. Alitoka alfajiri, akarudi mchana na unga masikioni, na alipoulizwa alikuwa anafanya nini huko alijibu kwamba anatafuta namna ya kumuua mtu katika sura ya pili.

Mume huyo mtaa mzima ulimwita Maelezo. Si jina alilopewa na wazazi wake, lakini lilimkaa vizuri kuliko shati lolote ambalo mkewe aliwahi kumshonea. Alikuwa karani wa posta mpaka alipostaafu, na tangu ujanani alikuwa anaandika riwaya. Tena kipaji alikuwa nacho, tusimwonee. Ukifungua kitabu chake hukiweki chini: mwizi yuko dirishani, msichana yuko ndani peke yake, mbwa hajabweka. Mwizi anaweka mkono kwenye kitasa. Hapo ndipo Maelezo anapokumbuka kwamba kitasa nacho kina mambo yake: ni nani aliyekibuni, kimefuliwa kwa chuma gani, chuma hicho kinayeyuka kikipata moto wa kiasi gani, na kwa nini vitasa vya zamani vilikuwa vizito kuliko vya siku hizi. Ukija kuinua kichwa chai imepoa, mwizi bado amesimama palepale, na wewe umeshakuwa mhunzi.

Riwaya iliyompa jina mjini ilikuwa hiyo ya mwokaji. Muuaji aliinua kisu mbele ya tanuri, na kisu hakikushuka mpaka kurasa sitini baadaye, hamira ilipokwisha kufanya kazi yake na msomaji akajua kila kitu kuhusu matofali yanayotunza moto. Fundi viatu wa pale kwenye kona aliacha viatu vya watu siku nzima akikisoma. Kisha akamfuata Maelezo barabarani, akamuuliza kwa adabu kama yule mtu angechomwa kisu au angeokwa. Maelezo alifurahi kuulizwa. Alimshika bega akamweleza kwamba tanuri la namna ile haliwezi kuingia mtu mzima, mlango wake ni mdogo, na huo udogo una sababu. Fundi viatu alirudi kibandani kwake jua likiwa linazama.

Kwa seremala wa majeneza ndiko alikozidisha. Aliomba alale ndani ya jeneza moja ili ajue mabega yanagusa wapi, akajinyoosha, akafunga macho apate kufikiri, usingizi ukamchukua. Wakaja wateja, watu wa msiba, wanataka kuona ubao. Yaliyotokea hapo seremala hapendi kuyasimulia, ila tangu siku ile Maelezo alipigwa marufuku karakanani, na katika kitabu kile marehemu aliwekwa jenezani kwa kurasa chache tu, jambo ambalo wasomaji walimshukuru sana yule seremala.

Mama Mapacha ndiye aliyeishi na hayo yote. Yeye alikuwa fundi cherehani, na jina lake lilitokana na mabinti wawili aliowazaa kwa mkupuo mmoja. Nyumba yao ilikuwa na chumba kirefu kilichogawanywa katikati kwa ubao. Upande wa barabarani ulikuwa wake: cherehani ya kukanyaga kando ya dirisha, meza pana ya kukatia, pasi, kigoda cha wateja, na lile sanamu la kujaribishia nguo lisilo na kichwa ambalo mapacha walipokuwa wadogo walilipa jina la Shangazi. Upande wa nyuma ulikuwa wa Maelezo, na humo hamkuwa na kitu isipokuwa meza, kiti kilichokuwa kinalia kila akijitikisa, na karatasi mpaka chini ya kitanda cha wageni. Ubao ule haukuzuia kitu. Yeye akikohoa huku, mwenzake anasema pole kule.

Na yeye ndiye aliyekuwa msomaji wa kwanza. Kila sura ikiisha, Maelezo aliizungusha upande wa mbele, akaiweka juu ya meza ya kukatia kama mteja anayeleta kitambaa. Mama Mapacha aliipitia na chaki yake ya kazi mkononi, akapiga mstari palipozidi. "Hapa umeacha pindo refu, Baba Mapacha, litakokota chini." Mzee alinuna, akarudi nyuma ya ubao, akakata. Watu walioteseka na zile kurasa sitini za tanuri hawakujua kwamba hizo ndizo zilizobaki baada ya mkasi.

Sasa nikwambie jambo ambalo Mama Mapacha hakumwambia mtu yeyote, hata wanawe. Lilikuwa linamuuma. Maelezo alikuwa amewaandika waokaji, mafundi wa lifti, wapiga mbizi, wafuga nyuki, hata daktari wa meno, ambaye alimkalia mdomo wazi asubuhi nzima bila jino bovu hata moja ili asikie tu mashine inavyolia kichwani. Kila kazi alikwenda kuisomea, na kila kazi ilirudi nyumbani imemganda nguoni, na nani aliyezifua? Nta ya nyuki ile, mwenzangu, haitoki kwa sabuni wala kwa matusi. Lakini katika vitabu vyote hivyo hakuwahi kupita fundi cherehani, hata wa kumtilia mwizi kiraka cha suruali. Kinyozi hajinyoi, alijiambia. Lakini akiwa peke yake na pasi mkononi alijiuliza: mtu anayeweza kukaa msimu mzima akimtazama nyuki anavyotembea, atashindwaje kugeuza shingo akamtazama mkewe? Hakuwahi kulitamka, kwa kuwa mtu hajipigii debe ndani ya nyumba yake. Alilivaa tu kama kiatu kinachobana, mpaka mguu ukazoea.

Basi siku moja mhariri akamwita Maelezo ofisini. Alikuwa dada mdogo kwa umri, mwenye sauti ya upole, na watu wa namna hiyo ndio wa kuogopwa. Alimwambia kwamba wasomaji wamechoka kuzungushwa mbuyu. Anataka hadithi ya mapenzi, nyembamba, iingie kwenye mkoba wa mwanamke, isiyo na maelezo ya kitu chochote. Asipoweza hivyo, wataachana kwa amani. Maelezo alirudi nyumbani amesinyaa, akaketi kwenye kigoda cha wateja, akamsimulia mkewe yote. Halafu akasema, kana kwamba anasema hewa imekuwa nzito, kwamba msichana wa hadithi hiyo atakuwa fundi cherehani.

Mama Mapacha alikuwa anapiga pasi shati la mtu, na shati lile nusura lipate dirisha mgongoni. Akasema, "Haya," akaendelea.

Haya yake ilikuwa ya mdomoni tu. Kesho yake aliifuta cherehani mpaka zile herufi zilizofutika zikaonekana. Alitia mafuta. Alipanga nyuzi kwa rangi, kitu ambacho hakuwahi kukifanya maisha yake yote, na kigoda akakisogeza karibu na mashine, mahali ambapo mtu mwenye maswali angeweza kuketi bila kuziba mwanga. Kisha akaanza kujiandaa na majibu. Angemweleza kuhusu mabibi harusi wanaonenepa kati ya kupimwa na kuvaa, na jinsi fundi mwenye akili anavyoacha nafasi kwenye mshono bila kumwambia mtu. Angemweleza kwamba kitambaa kina upande wake kinakotaka kwenda, na ukikilazimisha kitakuaibisha siku ya kwanza ya kufuliwa. Alikuwa na mambo ya kujaza vitabu, na safari hii, Mungu amsamehe, alikuwa tayari kutoyapigia chaki.

Akangoja. Maelezo alipita kwenda jikoni, akasema, "Pole na kazi." Alipita kurudi, akasema, "Shangazi leo kapendeza." Kigoda kikabaki kitupu.

Kabla hajachoka kungoja, habari ikaja kutoka mji mwingine. Pacha mmoja alikuwa mjamzito, na daktari kamwamuru alale kitandani mpaka ajifungue. Mama gani atabaki anahesabu vifungo? Mama Mapacha alifunga mzigo. Ilikuwa mara ya kwanza kuiacha nyumba kwa kipindi kirefu hivyo, na mlangoni alimwambia mumewe, "Ukikwama piga simu. Kwa lolote lile. Hata la kazi." Na hilo neno la mwisho alilivuta kidogo ili lisikike.

Maelezo alipiga simu, tena sana. Alipiga kuuliza sukari ilipo. Alipiga kuuliza kama shati lenye mistari linafuliwa pamoja na mengine, wakati limeshafuliwa pamoja na mengine. Alimuuliza hali ya binti, akatuma salamu kwa mkwe. Jioni moja alipiga, akazunguka na habari za hapa na pale, akauliza kama anashona huko aliko. Mama Mapacha akajibu kwamba hapana, hapa hakuna cherehani, ni kumwogesha mtu na kumlisha. Maelezo akasema, "Aha." Akaaga. Kuhusu ushonaji hakuuliza chochote.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, kichwa kama cha babu yake, na mama yake akasimama kwa miguu yake. Bibi akarudi nyumbani. Alikuta chumba cha mbele kama alivyokiacha, hata kigoda hakijasogea. Maelezo alimpokea mzigo, akamkalisha, akamchemshia chai, na kabla chai haijapoa akamwekea muswada mezani. Ulikuwa mwembamba kama sahani. "Nimemaliza," alisema, na hakuonekana kama mtu aliyefurahi.

Mama Mapacha alichukua chaki, akaketi, akasoma bila kuinuka. Kijana anampenda msichana. Msichana ni fundi cherehani. Kuna mashindano ya kazi, kuna fitina ya shangazi mwenye kichwa, kuna mvua, na kila kitu kinakwenda haraka mpaka mtu unapata kizunguzungu. Akawa anangoja pale msichana anapotakiwa kumshonea bibi harusi wa watu gauni ambalo litaamua maisha yake. Akafika. Imeandikwa hivi: "Alishona gauni. Asubuhi likawa tayari."

Aligeuza ukurasa kuona kama inaendelea. Haikuendelea. Akaupapasa ukurasa, labda umegandana na mwingine. Haukugandana na kitu. Alikaa na chaki yake mkononi, na katika kitabu kizima hapakuwa na mahali pa kuigusisha.

Maelezo akauliza kutoka nyuma ya ubao, vipi. Mkewe akajibu, "Nzuri."

Mwanamume aliyeishi na chaki ile miaka yote hiyo anajua kwamba nzuri si neno zuri. Lakini dunia nzima ilikubaliana nalo. Mhariri alipiga simu akitaka kulia, akasema hatimaye mzee amejua kunyamaza, na kwamba kitabu kitakwenda kiwandani mwezi ujao. Mapacha walisomewa kwenye simu, wakapiga vigelegele. Fundi viatu, ambaye hakuwa amesoma hata neno, aliposikia tu kwamba ni chembamba alimtolea Maelezo kiti kwa mara ya kwanza tangu habari ya tanuri. Na Mama Mapacha akijiona mchawi kwa kununa peke yake kwenye sherehe ya watu, akachukua kazi kubwa kuliko zote alizowahi kuzichukua peke yake: mapazia ya nyumba ya wageni nzima, madirisha yote, ghorofa zote. Alitaka kitu cha kukanyagia hasira.

Akakanyaga. Mapazia ni kazi ya pindo, na pindo ni njia iliyonyooka, unaweka mguu na huutoi mpaka kitambaa kiishe. Cherehani ilinguruma asubuhi mpaka mchana. Na nyuma ya ubao, huku yeye akishona kwa meno yaliyoumana, akasikia kiti kinalia. Kinalia, kinatulia, kinalia, na karatasi inageuzwa. Mzee alikuwa anaandika. Anaandika nini, na kitabu kimeisha?

Aliacha kukanyaga. Kiti nacho kikatulia. Akazunguka ubao kabla mwenzake hajaficha kitu, akaiona ile hadithi ya mapenzi imefunguliwa katikati na karatasi mpya zimepachikwa. Kijana yuko nje kwenye mvua, msichana yuko ndani anamtazama kupitia dirishani, na Maelezo alikuwa ameshafika kwenye kioo: mchanga unachaguliwa vipi, tanuru linachochewa vipi, kwa nini kioo cha zamani kina mawimbi.

"Kioo," alisema Mama Mapacha.

Maelezo akasema kwamba ni kidogo tu, ni ili msomaji aelewe anachokiona yule msichana.

"Umempa kioo," alisema mkewe, na sauti yake haikupanda, ilishuka. "Tanuri ulilipa kurasa sitini baada ya mimi kulikata. Nyuki ulimpa sura nzima, mpaka mguu wake wa nyuma naujua kuliko wa mama yangu. Mimi nimeshona ndani ya nyumba hii tangu mapacha hawajazaliwa, na umenipa sentensi moja."

"Mbili," alisema Maelezo kwa sauti ndogo. Haukuwa wakati wa kusema hivyo, lakini ndivyo alivyoumbwa.

Nilidhani, na yeye mwenyewe alidhani, kwamba atamrushia kitu. Badala yake akaketi juu ya kitanda cha wageni, juu ya karatasi, akaliachia lile jambo la miaka yote litoke. "Hivi wewe umewahi kunitazama?"

Huyu mtu aliyewahi kumweleza mtoza takataka historia ya pipa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Kukutazama, kusema kweli si sana," alisema mwishowe. "Nakusikiliza."

Mama Mapacha akamwambia asianze.

Lakini alishaanza, na kwa mara ya kwanza alieleza jambo kwa kifupi bila kulazimishwa na mtu. Alisema hawezi kuandika bila cherehani. Tangu siku ya kwanza aliyopiga ubao ule kati yao, kalamu yake inakwenda na mguu wa mkewe. Mguu ukikaa kwenye pindo, naye hana pa kusimama, anakwenda tu, anaingia kwenye kitasa, anatoka kwenye chuma, anaingia mgodini. Mguu ukifika kwenye kola, pale pa kugusa na kuacha, sentensi zake zinakuwa fupi, watu wanagombana, kisu kinashuka. Alipoondoka kwenda kwa binti nyumba ilinyamaza. Alikaa hapo kila siku kama mtu aliyepoteza ufunguo, anaandika maneno matatu anasimama, anaandika manne anasimama. Ndicho kitabu walichokipenda wote.

Mama Mapacha alikuwa mtu wa kuona mambo kwa vipimo, akapima. Mwaka wa tanuri. Mwaka ule alikuwa na kazi gani? Mapazia ya hospitali, wodi zote. Nyuki? Mashuka ya bweni. Na ile ya jeneza, ambayo kila mtu alishangaa ilivyokimbia, mwaka ule alikuwa anashona sare za shule, kola juu ya kola, mpaka kidole kikaota sugu. Hakutaka kuamini. Mume wake alikuwa hodari wa kupamba maneno, hiyo ndiyo kazi yake.

"Njoo huku," alisema. Akamsimamisha mbele ya Shangazi, uso ukutani, akamwambia asigeuke. Yeye akaketi kwenye mashine, akachukua kipande kilichokatika, akakanyaga.

"Pindo," alisema Maelezo. "Hilo hata mtoto anajua."

Akabadilisha. Akagusa, akaacha, akageuza kitambaa, akagusa.

"Kola. Uko kwenye ncha."

Akachukua kipande kingine, akarudi mbele na nyuma mahali pamoja, hatua fupi fupi. Maelezo akasema ni tundu la kifungo, na kwamba la leo analifanya kwa hasira, kwa kawaida analifanya taratibu zaidi. Mama Mapacha akauma mdomo. Kisha akaondoa mguu kwenye pedali kabisa. Akachukua wembe mdogo, akainamia ule mshono, akaanza kukata nyuzi moja moja, kazi isiyo na sauti hata ukiweka sikio juu yake. Chumba kikawa kimya. Maelezo alisimama mbele ya Shangazi, mikono nyuma, kichwa kimeinama upande.

"Unafumua," alisema.

"Umejuaje? Hakuna sauti."

"Ukifumua huwa hupumui. Unabana mpaka uzi utoke, ndipo unashusha."

Mama Mapacha aliketi na wembe mkononi, akagundua kwamba kifua chake kweli kimebana. Alikuwa ameshona tangu ujana, na jambo hilo lake mwenyewe hakulijua. Akashusha pumzi. Mumewe aliisikia, na mabega yake yakashuka pamoja nayo.

"Sasa kwa nini hukuandika?" aliuliza, na hii haikuwa ya ugomvi. "Kama unajua hata hilo, kwa nini hukuniandika?"

Maelezo aligeuka. Alisema, "Mimi nikishaijua kazi ya mtu nikaiandika, inaniisha. Tangu kile kitabu, nikila mkate ni mkate tu. Nyuki akipita simwoni. Nilitaka ibaki moja ambayo haitaniisha."

Mwanamke akiambiwa maneno kama hayo baada ya kuzaa, kulea na kufua nta ya nyuki, afanye nini? Mama Mapacha alitafuta kitu cha kushika. Akaishika pasi, ikawa ya baridi, akairudisha. Akamwambia mumewe kwamba yeye ni mjinga, tena mjinga wa kusomea, na kwamba kama angemwambia hivyo mwaka wa nyuki angemsamehe yale mashati. Maelezo akamuuliza kama aiandike upya ile sentensi, aiongeze kidogo, hata kurasa kumi. Mkewe akafikiri, kisha akauchukua muswada, akazitoa zile karatasi za kioo zote kwa mkono mmoja, akautengeneza ukae sawa.

"Iache kama ilivyo," alisema. "Ulikuwa hunisikii. Ni ya kweli."

Kitabu kikatoka, chembamba vilevile, kikaingia kwenye mikoba ya wanawake kama alivyotaka mhariri. Watu walimsifu Maelezo kwa ufupi wake. Kila aliyempongeza mbele ya mkewe alimwona Mama Mapacha anatabasamu peke yake, wakadhani ni fahari ya mke kwa mume. Hawakujua kwamba anayesifiwa ni yeye, kwa kuondoka. Fundi viatu alikimaliza baina ya soli mbili, akaja mwenyewe mpaka mlangoni kushukuru, ingawa alikaakaa kidogo, akajikuna, akauliza kama mzee anafahamu lolote kuhusu mambo ya kioo, maana amekuwa akijiuliza pale penye mvua. Walimfukuza wote wawili.

Haukupita muda mhariri akaja nyumbani, akaketi kwenye kigoda, akanywa chai. Alitaka kingine, cha namna ileile, kifupi, kisicho na maelezo. Maelezo akamtazama mkewe. Alisema kwa upole kwamba kwa upande wake hana neno, lakini jambo hilo haliko mikononi mwake. Mhariri akamgeukia Mama Mapacha, mtu mwenye chaki, ambaye siku zote walikuwa upande mmoja, akamwomba amsaidie kumbana mzee. Mama Mapacha akamwongezea chai, akasema atajitahidi.

Mgeni alipokwisha kuondoka alikwenda kuwapigia simu watu wa ile nyumba ya wageni. Walikuwa wamependa kazi yake, na walikuwa na tawi jingine, kubwa zaidi, lenye madirisha marefu ya kutoka darini mpaka sakafuni. Aliwaambia wamletee vitambaa vyote.

Vikaja, akavikata, akaketi. Nyuma ya ubao kiti kililia mara moja kikatulia, kikingoja. Katika ukurasa wa kwanza wa kitabu kipya kuna kijana amesimama mlangoni kwa msichana na pete mkononi, ameshauliza, na msichana amefungua mdomo kujibu. Mama Mapacha anajua, kwa sababu asubuhi aliletewa ukurasa huo mezani na hakuupiga chaki. Akaingiza kitambaa chini ya sindano, akaweka mguu. Cherehani ikaanza kunguruma, na baada ya muda mfupi akasikia karatasi inageuzwa, kisha nyingine, na akajua Maelezo ameshafika kwenye dhahabu, inavyochimbwa na inavyoyeyushwa. Kitambaa bado kilikuwa kirefu, naye hakutoa mguu.